Dirii Iliyozidi Kipimo

Baba yangu ametengeneza makochi tangu kabla sijazaliwa. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu hapa Langas, na mimi nilikulia kati ya vipande vya sponji, nikivilalia mchana na kugombezwa na mama jioni kwa kuingia ndani na gundi kwenye nywele. Siku hizi nimeajiriwa kwenye duka la dawa mjini, navaa koti jeupe kuanzia asubuhi, lakini bado napenda kukata sponji. Tofauti ni kwamba mimi sikati za kukalia. Nakata za kuvaa.

Tuko watu wazima kadhaa, wengine wana watoto, tunaojitengenezea mavazi ya mashujaa: kofia za vita, dirii za kukinga kifua na mabega, mabawa, ngao. Mara moja kwa mwaka tunakutana katika ukumbi kule Kesses, karibu na chuo, tunavaa, tunapigana picha na kupanda jukwaani mmoja mmoja. Ukiniambia ni utoto sitabishana nawe, nimeshachoka kujitetea.

Mwaka jana baba alipatwa na kiharusi. Miguu ilirudi, maneno yakarudi, ila mkono wa kulia haukurudi. Ulikuwepo, mzito, unaning'inia tu. "Ni kama nimebebeshwa mkono wa mtu mwingine," alisema, na tangu hapo akawa anauficha mfukoni mwa koti. Aliketi na koti hilo mezani, alivaa koti hilo jua likiwaka. Wateja walipobisha alimtuma mama akaseme hayupo. Kanisani nako aliacha kwenda, kwa sababu watu wa kanisa letu hawamalizi kusalimiana kwa mikono. Baba yangu, mtu wa mdomo, aliyekuwa akitaniana na mtaa mzima! Niliumia kuliko nilivyoumia alipokuwa hospitalini. Nilitaka kitu kimoja tu, kwamba avuke lile lango letu na kukaa tena mbele za watu.

Sikuwa na mpango wowote wa maana. Nilichofanya ni kumpelekea sponji.

Si sponji ya makochi. Ilikuwa ile mikeka migumu ya watoto wa nasari, yenye herufi na wanyama, inayoshikana kingo kwa kingo. Niliinunua kwa jirani yetu Msomali mwenye duka pale kona.

"Kwani umepata mtoto na hukutuambia?" aliniuliza.

"Nataka kutengeneza dirii."

Alinitazama, akanifungia mikeka yangu, akaniongezea peremende ya huyo mtoto.

Kipimo hupatikana hivi: unajizungushia nailoni mwilini, juu yake unabandika selotepu kila mahali, unachora mistari ya vipande kwa kalamu, kisha mtu anakupasua mgongoni utoke. Ile nailoni unaikata kwa mistari hiyo, na vipande vyake ndivyo unavyovichora kwenye karatasi za kukatia. Mama ndiye aliyenipasua, kwa makasi ya jikoni, nikiwa nimesimama katikati ya karakana kama kuku wa kuuzwa.

"Na tulikusomesha," alisema.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Nilipoanza kukata mkeka alivumilia kidogo, halafu akashindwa.

"Hiyo makasi inatafuna sponji. Leta kisu."

Nikampa kisu. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akaniambia nimshikie mkeka, akakata. Mstari wa kwanza ulipinda vibaya. Nilifunga mdomo, na wanaonijua wanajua hiyo ni kazi. Mstari wa tatu ulikuwa umenyooka. Basi tukaendelea hivyo kila nilipotoka kazini mapema: yeye anakata, mimi napasha vipande moto kwa draya ya nywele ili vipinde, na wote wawili tunapaka gundi. Gundi ya sponji haitaki papara. Unapaka pande zote mbili, unangoja mpaka kidole kisinase, ndipo unaunganisha na kukandamiza. Baba alikuwa na tofali lililovikwa kitambaa kwa kazi hiyo ya kukandamiza, la miaka mingi, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Koti hakulivua, na mkono ukabaki mfukoni. Lakini alianza kunitania tena. Alinishauri niolewe na tofali, kwa kuwa lina subira kunizidi.

Ijumaa, siku moja kabla ya Kesses, nikajaribu vazi zima. Dirii ya kifua ilinizunguka na nafasi ikabaki ya mtu mwingine. Kidevu kilizama ndani. Mabega yalisimama kule yenyewe, mimi nikiwa huku. Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na mimi nikawaka.

"Baba! Ulifuata karatasi kweli?"

"Nilifuata. Nikaongeza kidole moja kila upande."

"Kuongeza ya nini?"

"Sponji lazima izidi kitambaa." Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini mchele huoshwa. "Isipozidi, si cover itakunjika?"

Ndivyo makochi yanavyotengenezwa. Sponji hukatwa kubwa kuliko kitambaa, ikasukumwa ndani kwa nguvu, kochi likajaa vizuri. Ila dirii haina kitambaa cha kuibana. Nilifungua mdomo kumwambia hivyo kwa sauti kubwa, kisha nikatazama vile vipande mezani. Kidole kimoja, kila upande, bila kukosea hata mahali pamoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umeyashika mazoea ya ule wa kulia bila yeye kufikiri. Hasira ikanitoka, nikataka kulia. Fundi alikuwa bado yumo ndani ya lile koti.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kugeuza dirii huku na huku.

"Hii kifua nitapunguza leo. Mabega haitaisha," alisema. Akafikiri. "Mabega nitamalizia kwa gari, tukienda."

Sikuthubutu kumtazama mama. Mama alikwenda kumpigia baba pasi shati.

Jirani wa duka ndiye aliyetupeleka, kwa gari lake la kubebea mizigo. Nilikaa mbele. Baba alikaa kiti cha nyuma na bega moja la sponji magotini, kisu mkononi, koti mwilini, na mama kando yake ameshika mkebe wa gundi kwa mikono miwili. Tulipokata kona pale Cheptiret gari likaruka tuta, na gundi ikamwagikia kiti.

"Mzee, hiyo kiti sasa ni kazi yako," jirani alisema akimtazama kwenye kioo.

"Ilete Jumatatu," baba akajibu.

Ukumbini alichagua kiti cha pembeni kabisa, karibu na ukuta, ule mkono umeelekezwa ukutani. Vijana wenye pembe na mikia walimpita wakisema, "Shikamoo Mzee," naye akawaitikia, macho yamemtoka. Mimi nilikuwa nimevaa. Dirii ilinikaa sawasawa, ndani yake kifuani kuna herufi na nusu ya tembo, nje nimeipaka rangi ya shaba. Nilikuwa nangojea zamu yangu chini ya jukwaa wakati bega la kulia lilipofunguka na kuning'inia. Ni lile la kwenye gari. Tuliliunganisha kabla gundi haijakauka, na ni mimi niliyekuwa nikisema haraka, haraka.

Kule juu wakaita zamu yangu.

Mama alimnong'oneza baba. Nilimwona baba akiinuka. Alipita katikati ya watu wote wale, polepole, na mkebe, akafika, akauweka mkebe jukwaani, akapaka gundi kwa kidole cha kushoto, akapuliza, akaunganisha. Wakaita tena.

"Inataka kukandamizwa," alisema. Akaangalia sakafuni, akaangalia kando ya jukwaa. "Tofali iko wapi?"

"Baba, nani huja hapa na tofali?"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa chini wa bega, hauwezi kuuachia. Nikaushika mimi ule ukingo. Alisimama kidogo. Kisha akaingiza mkono wa kushoto mfukoni mwa koti, akautoa ule wa kulia kama mtu anayetoa kitu kilicholala, akauinua mbele za watu wote, akauweka juu ya bega langu.

"Huu ni mzito," akasema. "Utafaa."

Tangu kiharusi alikuwa hajanigusa kwa mkono ule. Machozi yakanitoka ndani ya kofia ya vita, na kofia ya vita haina pa kupangusia.

Wakaita mara ya tatu, na gundi bado. Hapo tukapanda wote wawili, ngazi kwa ngazi, mimi na dirii yangu, yeye na koti lake, kiganja kikiwa begani. Ukumbi ukafikiri ndivyo tulivyopanga. Walisimama, wakapiga makofi, simu zikainuliwa kila upande, na mama nikamsikia akipiga vigelegele peke yake kule nyuma. Nilijua baba anaogopa, kwa sababu nilimsikia akihema. Lakini hakuuondoa mkono.

Makofi yalipoisha nikagusa ukingo wa bega. Lilikuwa limeshika, gumu kabisa.

"Baba, imeshika," nikamwambia.

"Ngoja kidogo," akasema.