Mwalimu Aliyeomba Nakala ya Kitabu Chake

Mtaani walimwita Fundi Kopi. Kibanda chake kilitazamana na lango la chuo cha ufundi, kikiwa na mashine mbili za kutolea kopi, meza ya kubania kurasa na harufu ya wino iliyomfuata hadi nyumbani. Wanafunzi walimletea vitabu vizima, naye alivitoa vizima, jalada kwa jalada. Hakujiona mwizi. Alijiona mtu wa msaada, maana vitabu vyenyewe madukani havikuwepo, na vilivyokuwepo havishikiki bei.

Siku wakaguzi wa hakimiliki walipoingia, walikuta nakala thelathini za kitabu cha umeme zimepangwa mezani, bado zina joto. Walizibeba, wakabeba na mashine moja, wakamwachia onyo la maandishi. Mkewe alilisoma mara mbili, kisha akasema taratibu, "Baba watoto, ukishikwa tena usinitume nikuletee blanketi."

Tangu hapo akawa mtu wa kukataa. Kurasa mbili tatu, sawa. Kitabu kizima, hapana. Kila sura ngeni kwenye kaunta aliiona ya mkaguzi.

Asubuhi moja akaingia bibi mmoja, miwani imening'inia kifuani, akaweka mbele yake kitabu cha ushonaji kilichochakaa hadi kimeshonwa mgongoni kwa uzi mweusi.

"Nitolee nakala kumi, mwanangu. Chote."

Huu ni mtego, aliwaza. "Samahani mama, kitabu kizima sitoi. Kina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

Alidhani anataniwa. Bibi akakigeuza kitabu, akaweka kidole kwenye picha ya jalada la nyuma: mwanamke kijana, nywele tele, macho yaleyale. Alikuwa amefundisha ushonaji maisha yake yote. Sasa, baada ya kustaafu, alikuwa na kikundi cha wanawake kumi waliojifunza sebuleni kwake, na nakala iliyobaki duniani, kwa alivyojua, ni hiyo moja waliyokuwa wakinyang'anyana.

Fundi Kopi akafungua kurasa za mwanzo, akamsomea: hairuhusiwi kunakili bila idhini ya mchapishaji.

"Mchapishaji alifunga ofisi zamani," bibi alisema. "Nikamwombe nani, makufuli?"

Kumfukuza mtu na kitabu chake mwenyewe kulimshinda Fundi Kopi. Kuwasha mashine nako kulimkumbusha lile onyo la maandishi. Mwishowe akasema, "Mwalimu, una mkataba? Kauchukue twende tukaulize wenye sheria."

Alienda ofisi ya hakimiliki kama mtu anayejipeleka mwenyewe rumande. Ofisa aliyewapokea, mama mnene mwenye kalamu nywelini, alisoma mkataba mstari kwa mstari. Ukurasa wa nne akasimama.

"Hapa panasema kitabu kikiadimika, na mchapishaji akaandikiwa, akakaa miezi sita bila kukichapisha, haki zote zinarudi kwa mwandishi. Uliwahi kumwandikia?"

Bibi akapekua bahasha. Akatoa nakala ya barua ya miaka tisa nyuma, ina muhuri wa mchapishaji wa kuipokea. "Hawakunijibu. Lakini mimi ni mwalimu, karatasi situpi."

Ofisa akailinganisha na mkataba, akavua miwani. "Basi kitabu ni chako, mwalimu. Ni chako miaka yote hii, hukuambiwa tu."

Bibi akapapasa jalada. Fundi Kopi ndiye aliyeuliza, "Na mimi nikikitoa?"

"Akikuandikia ruhusa, toa mpaka wino uishe."

Ruhusa iliandikwa palepale, ikatiwa sahihi. Njiani Fundi Kopi alijikuta anacheka peke yake, mabega mepesi kama aliyetuliwa gunia la saruji. Alimpigia mkewe simu kumwambia ametoka ofisi ya hakimiliki kwa miguu yake mwenyewe.

Mchana ule alifungua mlango wa kibanda wazi kabisa, akawasha mashine. Karatasi zikaanza kutoka. Bibi akaokota ukurasa mmoja, wa vipimo vya kola, akautazama, akaguna.

"Simamisha kwanza. Kipimo hiki nilikikosea nusu inchi, na wanawake wameshona kola za kubana shingo tangu kitabu kitoke. Niazime kalamu."

Fundi Kopi akazima mashine, akamvutia kiti.