Mbwa wa Ghorofa ya Tisa Asailiwa Upya

Saa tatu asubuhi, New York. Gari la kuhamisha limeegeshwa mlangoni, na vyombo vya Bi Lenore Tischler vya miaka hamsini vimo ndani tayari. Pashko Ivezaj, msimamizi wa jengo, anashusha kiti cha mwisho kutoka ghorofa ya tisa kwa lifti ya kuendeshwa kwa mkono. Mandel, mbwa mzee wa Bi Lenore, anamfuata.

"Taratibu, Pashko. Mume wangu alifia kwenye hicho."

"Ndiyo maana kizito, mama."

Bi Lenore, miaka 86, anahamia Florida kwa binti yake. Mandel haendi, kwani mkwe akikaribiana na mbwa huvimba macho. Pashko anataka kubaki naye katika chumba chake cha chini ya jengo, kando ya tanuri la maji moto. Ameishi humo tangu alipotoka milima ya Montenegro, miaka ishirini na mbili.

"Tangu mke wangu Drande afariki, nikirudi chumbani ni kimya tu," anasema. "Huyu angalau anakoroma."

Ila jengo hili ni la ushirika, la tangu kabla ya Vita vya Pili, na wenye hisa, yaani wakazi walionunua nyumba humo, ndio wenye kauli. Sheria yao inasema mbwa akibadili mwenyewe ni mgeni, na mgeni husailiwa na kamati. Mandel amezeekea humu humu, lakini sheria haijali. Akikataliwa, leo hii anapelekwa makao ya mbwa wasio na wenyewe.

Kamati ya watu watatu inakaa ukumbini. Mwenyekiti ni wakili Harvey Ostrow.

"Mwombaji hubweka?"

"Harvey, unamjua tangu akiwa kitoto cha mbwa," Bi Lenore anamkatiza.

"Bibi, naendesha kikao."

"Basi kimbiza. Mimi nina ndege saa saba."

Jaribio ni moja: mwombaji akae ndani ya lifti na mtu asiye wa kwake, kengele ya lifti ilie. Mandel huibwekea kengele hiyo kila siku ya Mungu.

Ostrow anaingia na Mandel kwenye lifti. Kengele inalia. Mandel haisikilizi hata kidogo; amezamisha pua mfukoni mwa koti la mwenyekiti, mkia unapiga ukuta. Anaitoa pua akiwa na kipande cha jibini mdomoni.

Kulisha mbwa wa jirani ni marufuku. Sheria hiyo aliiandika Ostrow.

"Mwenyekiti," anasema mjumbe mmoja, "mwombaji anakufahamu vizuri sana."

"Wanaokubali?" anauliza Ostrow, mkono wake ukiwa wa kwanza juu.

Mikono yote mitatu.

Pashko anapiga magoti, anamkumbatia mbwa, anasema naye Kialbania, lugha ya kwao milimani. Bi Lenore anafuta miwani.

"Mwakani nampeleka milimani," anasema Pashko. "Akaone kondoo."

Sasa Bi Lenore yuko Florida. Hupiga simu Jumapili. Nyumba yake imenunuliwa na madaktari wa meno, mume na mke. Ostrow angali mwenyekiti. Mandel ana pasipoti.