Fundi bomba na jiwe lake la baridi

Saa nane kamili mchana, jua likichoma, fundi bomba anachuchumaa juu ya jiwe kando ya mto. Anateremsha kipimajoto majini kwa kamba na kuanza kuhesabu, midomo ikicheza bila sauti. Akifika mia moja na themanini anakivuta, anakisogeza karibu na macho na kusoma.

"Kumi na tatu," anasema, na kuandika.

Haondoki. Anakunja suruali, anatembea hatua arobaini hadi penye kivuli cha miti na kupima tena: kumi na saba. Kisha anapanda na mto hatua mia mbili, hadi mahali palipofyekwa miaka mitatu iliyopita. Hapo kipimajoto kinasema ishirini na moja.

Nyuma yake yupo mwendesha msumeno wa kiwanda cha mbao kilicho ng'ambo, naye ana kipimajoto chake na daftari lake. Kila mmoja anasoma cha mwenzake, wanatia saini, wanarudi makazini.

Mtaani fundi huyu anaitwa Baridi. Ana miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameimalizia chini ya masinki ya watu. Jina alibandikwa na wateja waliochoka kuita fundi wa bomba wakaletewa somo la samaki. Akiwa amelala chali, spana mkononi, huwaeleza habari za trauti, samaki mwenye madoadoa anayeishi maji baridi tu. Maji yakipita nyuzi ishirini, hewa iliyomo hupungua na samaki huanza kuhema.

Mapenzi hayo yana gharama. Kila siku saa saba na nusu huacha kazi alipofikia, na kwa wiki hukosa kazi mbili au tatu kwa sababu hiyo. Mwenye nyumba mmoja alibaki na choo kisicho na maji hadi jioni, na hajamwita tena.

Kinachogombewa ni ukanda wa miti wenye urefu wa hatua mia nne, kingo zote mbili. Kiwanda kinataka kuukata kipate uwanja wa kuanikia mbao. Kikundi cha walinzi wa mto, ambacho Baridi ni katibu wake, kinasema ukanda huo ndio makao ya mwisho ya trauti katika mto huu. Miti ikianguka, samaki wamekwisha.

Katika kikao cha kwanza cha baraza la mji, Baridi alisimama na daftari lake kifua mbele. Alikuwa amepima mto kila siku kwa miaka miwili, bila kuruka hata siku aliyomzika mama yake. Alisoma namba zake: kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tatu na nusu. Mto mzima wa afya, akasema, tusiuharibu.

Wakili wa kiwanda aliliomba daftari, akalipekua taratibu, akamshukuru. Kisha akauliza swali moja. Ikiwa huko juu miti ilikatwa na maji bado ni baridi hivi, hii iliyobaki inasaidia nini?

Baraza lilitoa siku thelathini kabla ya uamuzi.

"Siku ile sikula," Baridi anakumbuka. "Nilikuwa nimewapa kisu mwenyewe, tena nimekinoa miaka miwili."

Jibu lililetwa na mkewe, fundi cherehani, ambaye hadi siku hiyo hakuwa na habari na samaki. Alimfuata mtoni kumwambia kuna mteja anasubiri. Akavua viatu, akaingia majini pale kwenye jiwe, akasogea kidogo, akasimama.

"Mume wangu, mbona pale pananigandisha miguu na hapa ni maji ya kuogea?" aliuliza.

Baridi alipiga magoti na kuingiza mkono chini ya jiwe. Kulikuwa na chemchemi. Maji yalikuwa yakitoka ardhini yakiwa na baridi ileile masika na kiangazi. Miaka miwili alikuwa amepima chemchemi akidhani anapima mto. Hata samaki aliozoea kuwaona wamejaa hapo, akawafurahia, walikuwa wamekimbia joto la kwingine.

"Miaka thelathini hii yote natafuta maji yanapovujia kwenye nyumba za watu," anasema, "nikashindwa kuona yanayovujia chini ya miguu yangu."

Mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mstaafu, alimshauri aanze daftari jipya na la zamani lipotee. Baridi anakiri kwamba alilifikiria jambo hilo usiku mbili tatu. Aliona aibu, na anasema hivyo bila kuzunguka. Mwishowe alilibeba daftari lilelile.

Katika kikao cha pili alisimama akasema alikosea, akaeleza alivyokosea, kisha akasoma namba mpya za kivulini na za palipofyekwa. Ukumbi ulicheka, na wakili alicheka kwa raha zaidi. Mjumbe mmoja mwanamke, muuza vifaa vya ujenzi anayemjua Baridi dukani kwake, aliuliza kwa nini waamini namba mpya za mtu ambaye za zamani zilikuwa bure.

"Msiniamini, mama," Baridi alimjibu. "Njooni mtoni mvue viatu."

Walikwenda wajumbe saba kati ya tisa, wakiwa wamekunja suruali na kushika sketi. Waliingia penye jiwe, wakapita kivulini, wakapanda hadi palipofyekwa. Huko juu, wanasema waliokuwepo, hakuna aliyecheka. Muuza vifaa vya ujenzi alirudi kivulini peke yake na kusimama humo kitambo.

Baraza halikumpa mtu ushindi. Liliagiza upimaji wa pamoja, kiwanda na walinzi wa mto, hadi kiangazi kiishe, ndipo liamue. Zimebaki siku kumi na tisa, na miti bado imesimama.

Mwendesha msumeno anasema yeye ametumwa tu na hana upande. Hata hivyo siku ya tano alianza kuvua viatu kabla ya kutoa kipimajoto. Alipoulizwa sababu, alisema anataka kujua kama kifaa kinasema kweli.

Baridi bado anapima penye jiwe, ingawa namba ile haihitajiki tena. Anasema inamsaidia kukumbuka. Je, haogopi namba zikimgeuka mara ya pili?

"Naogopa sana," anasema. "Zikinigeuka nitaziandika hivyohivyo."

Nyuma ya nyumba yake, kwenye makopo ya rangi na vipande vya mabomba ya zamani, ameotesha miche mia moja na sitini. Uamuzi ukiwa mzuri, ataipanda palipofyekwa. Siku maji ya hapo yatakapolingana na ya kivulini, anasema, ataacha kupima na kumaliza kazi za watu. Anakadiria miaka kumi na miwili.

Mkewe, akivuta uzi kwenye cherehani, anasema mteja mwingine wa choo ameshaambiwa asubiri.