Mama Ngalula Dirishani

Juzi, hospitalini, nilimwona bibi mmoja akimpungia mjukuu wake mkono kupitia kioo, nikakumbuka dirisha la nyumba yetu ya utotoni, mtaani Kapata, na harufu kali ya javel, dawa tuliyosafishia sakafu.

Dada yangu Odile alikuwa amelala ndani. Askari wa mwili wake, yaani chembe za kinga, walikuwa wakishambulia uboho, kile kiwanda cha damu kilichomo mifupani, na daktari alimpa dawa ya kuwalaza askari hao. Walipolala, hata mafua madogo yangeweza kumwua. Hayo nimeyajua ukubwani. Siku zile nilijua tu kwamba majirani zetu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa mkoani kwetu warudi kwao.

Mchana mmoja Mama Ngalula, mmoja wao na rafiki wa mama, alikuja kuaga, furushi kichwani, akikohoa.

"Usiingie, ndugu yangu," mama akamwambia kupitia dirisha. "Tuongee hapa."

"Kumbe! Bale banasema nitoke, na weye unasema nisiingie," Mama Ngalula akajibu, nao wakacheka.

Mimi nikalia kwa hasira. "Mama, na weye unabafukuza!"

Kicheko kikakatika. Mama Ngalula ndiye aliyenijibu, kwa upole, kitenge mdomoni: "Hapana, mutoto yangu. Kikohozi yangu inaweza kuua dada yako. Mama anamulinda, na mi pia namulinda."

Kisha akashika njia ya stesheni, ambako wenzake walikuwa wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Miezi ikapita, damu ya Odile ikaanza kurudi polepole, na mama hakujua pa kumpelekea Mama Ngalula habari hiyo.