Matone ya Seramu Kwenye Kioo

Siku ya kwanza kazini nilipewa duara moja jekundu. Shefu wa programu, yaani mkuu wangu, mtu mpole asiyependa maneno mengi, aliniambia nilivushe kutoka kushoto mwa kioo cha kompyuta hadi kulia, kisha akaenda kunywa chai. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa hesabu katika mtaa wa Kinama. Ofisi ile ya mtaa wa Mutanga Sud, iliyotengeneza kurasa za mtandaoni, ilinichukua kwa kuwa ilikuwa na watu wa kuchora, lakini haikuwa na mtu wa kukokotoa. Shefu aliporudi, duara langu lilikuwa limeacha mstari mnene mwekundu kioo kizima.

"Futa kwanza, ndio uchore," alisema. "Kompyuta haisogeze kitu, Mama Odette. Inachora, inafuta, inachora tena pembeni kidogo. Jicho ya mutu ndiyo inasogeza."

Kila mchoro mmoja tuliuita fremu, na maagizo yanayojirudia bila kukoma tuliyaita kitanzi. Katika kila mzunguko programu inauliza mtumiaji amefanya nini, inakokotoa kila kitu kiwe wapi, inafuta, inachora. Kwa mpangilio huo huo. Nimewaona vijana hodari wakipotea siku nzima kwa kuchanganya kukokotoa na kuchora.

Shefu alipohama, nilikabidhiwa idara ya masomo ya mtandaoni, chini ya Direkta mwenyewe, mkuu wa ofisi nzima. Chuo kimoja cha wauguzi kilitaka ukurasa wa kufundishia seramu, ile dawa ya maji inayotundikwa na kuingia mwilini tone kwa tone. Mwanafunzi angezungusha kwa kipanya kigurudumu cha kufungulia dawa, matone yaongezeke au yapungue, naye ayahesabu kwa saa ya mkononi. Nilikwenda kwenye zahanati ya Carama, nikaomba ruhusa kwa mgonjwa, nikakaa nikiangalia chupa yake. Tone halianguki kwa mwendo mmoja. Linavimba, linasita, linakatika, halafu linaongeza kasi. Niliyaandika yote hayo kwa hesabu, na nikiri kwamba nilijivuna.

Siku ya kukabidhi kazi pale chuoni, wageni walikuwa wamekaa mbele, wanafunzi kwenye kompyuta. Msichana mmoja, Espérance, akainua mkono. Alisema yeye na jirani yake wameweka kigurudumu mahali pamoja, lakini yeye amehesabu matone ishirini kwa dakika na mwenzake kumi na matatu. Mwalimu wake alimwambia amekosea kuhesabu. Nilikwenda nikahesabu mwenyewe. Hakuwa amekosea.

Nilielewa pale pale. Nilikuwa nimeagiza tone lishuke hatua ile ile kila mzunguko wa kitanzi. Kompyuta mpya, kama ya Espérance, inazunguka mara nyingi kwa sekunde; ya zamani, kama ya jirani yake, mara chache. Kwa hiyo kwenye mashine nzito matone yalichelewa, na mwanafunzi wa hapo angezoea kufungua seramu kupita kiasi.

Direkta alinivuta kando. Alitaka tuondoe zile kompyuta za zamani, sherehe iendelee, nirekebishe baadaye kimya kimya.

"Apana, Direkta," nilimwambia. "Hii watajifunzia, kisha waende kwa mugonjwa. Mi siwezi kuiacha hivi."

"Unajua utanipatisha haya mbele ya watu?"

"Kosa ni yangu. Nitaisema mi mwenyewe."

Akarudi kwenye kiti chake bila kunizuia. Nikasimama mbele ya wageni, nikaeleza kosa na kuomba siku tatu. Hakuna aliyepiga makofi.

Dawa ya kosa hilo haikuwa ngumu. Kila mzunguko, programu iangalie saa, ijue muda gani umepita tangu fremu iliyotangulia, ndipo ipime tone lishuke kiasi gani. Nilirudi chuoni, nikaweka kompyuta ya zamani na mpya bega kwa bega. Espérance alihesabu, akapata idadi moja. Akahesabu tena, hakuamini. Aliuliza kwa nini kwenye ile ya zamani tone linaruka-ruka. Nilimjibu kwamba inachora fremu chache, lakini tone linafika kwa wakati wake. Direkta, aliyekuwa nyuma yetu, aliniomba nimweleze na yeye, na tangu siku hiyo hakuna ukurasa uliotoka kabla sijaujaribu.

Nilistaafu mwaka jana. Sasa kuna zana zinazosogeza vitu vizuri kwa mstari mmoja wa maagizo, na siwaonei wivu wanaozitumia. Bado vijana wa ofisini wananijia nyumbani. Mwezi uliopita mmoja wao, binti, alinionyesha ukurasa wake ambamo kila kitu kilicheza: herufi, picha, hata vitufe. Nilimuuliza kila mwendo unamwambia nini msomaji. Ule usio na kazi aliufuta, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukabaki mshale mdogo unaoonyesha pa kubonyeza.

"Sasa inasomeka, Mama," alisema.

Nikamwambia aende aukabidhi.