Kengele ya Lovina na Uroho wa Beulah

Lovina Tackett, bibi yetu tuliyemzika Alhamisi, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Nyuma ya jiko lake, kule shambani Missouri, Marekani, palikuwa na kengele juu ya nguzo. Ililia adhuhuri tu, kuwaita watu wa shamba waje kula. Ikilia saa nyingine, basi nyumba inaungua au mtu amekufa.

Jumamosi ya tarehe 11 Novemba 1911 kulikuwa na joto kama la Julai, kiangazi cha huko, ingawa majira ya baridi yalikuwa yamekaribia. Baada ya chakula cha mchana mumewe, Orval, alirudi bondeni kuvunja mahindi, amevaa shati tu. Binti yao mdogo, Nettie, alipanda gari la kukokotwa na nyumbu, pekupeku, akaenda naye.

Alasiri Lovina aliona kuku wanaingia bandani kulala, na jua bado linawaka. Akatazama kaskazini-magharibi. Mbingu za upande ule, chini karibu na ardhi, zilikuwa zimevilia, buluu nzito inayokaribia weusi, na zilikuwa zinakuja. Akashika kamba ya kengele.

"We Lovina!" Hester, mama mkwe wake, alimaka mlangoni. "Kafa nani?"

"Bado, mama."

"Majirani watakuja mbio na ndoo za maji! Watatucheka mpaka Krismasi."

"Wacheke tu, mama. Mwanangu hana hata viatu."

Akavuta.

Bondeni, Orval alidhani mkewe amepotewa na saa. Alitaka kumaliza mstari wake. Lakini nyumbu wake wawili walijua jambo moja tu kuhusu kengele ile: kazi imekwisha, chakula kiko bandani. Beulah, yule jike mzee, aligeuza gari bila kuamriwa, na mwenzake akafuata.

"We Beulah! Si umekula sasa hivi? Simama, mlafi mkubwa!" Orval alivuta hatamu mpaka viganja vikachubuka.

"Baba, hataki," Nettie alisema, akicheka.

"Naona, mama. Naona."

Walikuwa wamekaribia nyumbani upepo ulipowafikia. Joto lilizimika kama taa iliyopulizwa. Mvua ikapiga, ikageuka chembe za barafu, na walipoingia uani shati la Orval lenye jasho lilikuwa gumu kama ubao. Lovina alimnyakua mtoto, akamfunga blanketi, akaketi naye mbele ya jiko. Kesho yake ng'ombe wa jirani walikutwa wamekufa kwa baridi bondeni kule kule.

Jioni ya Jumamosi ile Orval alianza kuombea chakula, sauti ikamkatika. Hester akamalizia: "Asante, Bwana, kwa mkwe wangu asiyenisikiliza, na kwa uroho wa Beulah."

Tangu hapo hakuna aliyekula mezani kwa Lovina bila maneno hayo ya mwisho. Alhamisi, tuliporudi kutoka makaburini, Nettie, mama yetu, ndiye aliyeomba. Alimshukuru Mungu kwa mama yake, akaishia hapo, machozi yakimtiririka. Ikabidi sisi watoto wake tumsaidie:

"Na kwa uroho wa Beulah. Amina."