Winifred na Pazia la Bi Somoe

Winifred hana sauti ya chini. Ukipita Agakiriro ya Gisozi, hapa Kigali, pale karakana za mbao zilipobanana chini ya kilima, utamsikia kabla hujamwona. Anagombana na muuza sponji, anamtania mchomeleaji, anaimba wimbo wa kwaya, yote kwa pumzi moja. Kazi yake ni kuvisha makochi. Mimi Daphrose nafanya kazi naye kwenye meza moja, miaka mingi sasa, na masikio yangu yamekwisha kuzoea. Nilikulia Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani, nikajidhania nakijua. Kisha akaja huyu Mnyarwanda wa pwani ya Tanzania, mtu ambaye hata akitukana unataka kumshukuru. Namwonea wivu, sifichi.

Baba yake mzazi alikuwa mkimbizi, tabibu wa zahanati ya Mikadini, kijiji cha wavuvi kusini mwa Kilwa. Mama yake alifariki Winifred angali mchanga, na jirani yao Bi Somoe akamchukua, akamlea pamoja na mumewe, Mzee Shaweji. Huko jina lake ni Winfrida. Kila Jumapili yuko kanisani Remera, na kila Idi inapokaribia anatuma kitambaa cha nguo Mikadini. Ukimuuliza mama yake ni nani, atakwambia Bi Somoe. Ukionyesha kushangaa, atakupa vidonge vyako.

Mzee Shaweji alifariki mwezi wa tatu, ghafla, akazikwa siku ileile kama ilivyo kwao. Winifred hakuwahi maziko. Alilia juu ya kochi la mteja mpaka kitambaa kikapata doa, tukakibadilisha. Tangu siku hiyo Bi Somoe alikuwa akikaa eda: mjane hukaa ndani ya nyumba ya marehemu miezi minne na siku kumi, amevaa nyeupe, hatoki ovyo wala haonekani ovyo.

Mwezi wa tano, asubuhi, redio zikatangaza kimbunga kinachoelekea pwani ile. Winifred alitupa mkasi.

"Wini, sha, unalia nini?" aliuliza Ngabo, seremala wa jirani, mwenye msumeno wa umeme unaotutia uziwi. "Huko mvua iko?"

"Manyunyu tu."

"Basi tulia. Kama mvua haiko, mafuriko itatoka wapi?"

Msimcheke Ngabo. Nami niliwaza hivyohivyo. Kigali maji hutoka juu yakashuka, na kila masika viongozi hupita wakiwahamisha watu wa amanegeka, yaani nyumba zilizoning'inia kwenye miteremko. Tukisikia hatari ya maji, sote tunatazama kilima. Winifred akachukua beseni la gundi tupu, akatia maji, akayasukuma kwa kiganja mpaka yakaruka ukingo na kumlowesha Ngabo viatu.

"Upepo unaisukuma bahari hivi," alisema. "Inapanda, inaingia majumbani, na juu hakuna mvua ya maana. Leo ni bamvua, maji yatajaa sana jioni. Yakikutana na upepo huo, nyumba ya mama haiponi."

Alijua anachosema. Alipokuwa darasa la pili bahari iliingia namna hiyo, na Mzee Shaweji akambeba begani, maji yakimfika kifuani, hadi shuleni juu. Nyumba ilibomoka. Mzee akaijenga tena palepale, kwa sababu mvuvi hataki kuamka asione chombo chake.

Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu, akailaza mezani ili sote tusikie. Bi Somoe alipokea kwa utulivu ulionitia hasira mimi nisiye ndugu.

"Serikali ya kijiji wamepita na kipaza sauti, nimewasikia," alisema. "Mimi niko eda, mwanangu."

"Mama, bahari haijui eda!"

"Mimi naijua. Hukuja kumzika baba yako, Winfrida, sikukulaumu. Sasa usiniambie nimwachie nyumba yake na arobaini juzi tu imepita."

Winifred aliinama juu ya meza. Kule Mikadini simu ikachukuliwa na Esha, jirani wa mama ukuta kwa ukuta, na huyo ndiye aliyetumaliza nguvu. Alisema mtaa mzima wa ufukweni bado haujahama. Bi Somoe ndiye aliyewazalisha wote pale, ndiye aliyewaosha maiti zao. Kama yeye hatoki, nao hawatoki, na watoto wao wamo ndani.

Winifred akatoka mbio. Alirudi amemshika mkono Silvère, mchomeleaji wetu Mwislamu, bado ana miwani ya kuchomelea usoni. Maskini Silvère alimweleza Bi Somoe kwenye simu, kwa heshima zote, kwamba penye hofu ya maisha mjane anaruhusiwa kuhama, dini haikumfunga afe.

"Ahsante, baba," alijibu Bi Somoe. "Ruhusa naijua kabla hujazaliwa. Sina tatizo na ruhusa. Tatizo langu ni macho. Toka hapa mpaka shule ni njia nzima, mchana kweupe, wanaume wamejaa barazani. Nitembee na nguo zangu hizi nikitazamwa kama mwali? Shaweji alinistiri miaka yote. Siwezi."

Silvère akavua miwani, akatutazama, akashika tama. Nami nikaona imekwisha. Nikaanza kuwaza namna ya kumshika Winifred atakapoanguka, maana ni mwanamke mwenye mwili.

Sasa niwaambie jambo la karakana yetu. Ngabo akipiga msasa, vumbi la mbao hutua kwenye kila kilicho na rangi mbichi au gundi. Kwa hiyo kochi likiwa bichi, sisi wanawake hushika mashuka makuukuu kulizunguka, mmoja huku, mwingine kule, mpaka amalize. Mkono unauma, lakini kochi linatoka safi. Asubuhi hiyo Épiphanie na wenzake walikuwa wameshika mashuka hivyo kuzunguka kochi la harusi, na katika mkanganyiko wote ule hakuna aliyewaambia washushe.

Winifred aliwatazama. Kisha alipiga ukelele uliomfanya Silvère aangushe miwani.

"Esha! Mna mashuka? Kanga? Mapazia? Toeni yote! Mzungukeni mama pande zote, mikono juu, atembee katikati. Hakuna jicho litakalomwona. Mama, umesikia? Hutoki nje. Unahama ndani ya pazia!"

Hata Ngabo alikuwa amezima msumeno, na Ngabo hamzimii mtu msumeno.

"Pazia la mlangoni la Shaweji lifunguliwe," Bi Somoe alisema. "Hilo liwe mbele."

Mungu wangu, tulivyoruka! Lakini utamu wenyewe niliuona baadaye kidogo. Kumzunguka mtu pande zote, na kupokezana mkono ukichoka, kulihitaji kila mwanamke wa mtaa ule. Na mama akitoka, watoto hufuata, na wanaume wakaachiwa magodoro na mitungi ya maji. Bila mtu kumbembeleza mwingine, ufukwe wote ukahama nyuma ya mjane mmoja.

Esha alitia simu kifuani, tukasikiliza safari nzima. Upepo ulikuwa ukivuma kama mtu anayepuliza chupa. Ndani ya upepo huo Bi Somoe alikuwa akitoa amri.

"Inueni upande huo, mguu wangu unaonekana! Nani huyo ananikanyaga? Esha, unatembea kama umebeba mayai!"

"Ni yeye," Winifred alisema, machozi na kicheko pamoja. "Ni mama yangu huyo."

Kisha mtandao ukakatika.

Usiku ule alilala kwangu Niboye, kama unaweza kuuita usingizi. Asubuhi tulirudi kazini kwa sababu hatukujua pa kwenda. Tulikuwa tunanyoosha kitambaa simu ilipolia, na Winifred akaniachia mimi nipokee.

Alikuwa Esha. Bahari ilikuja jioni na maji kujaa, ikapita juu ya madirisha ya mtaa wao. Kuta zimelala, visima vina chumvi, minazi imeng'oka.

"Watu?" niliuliza.

"Watu wote tupo. Wote, dada! Hata mbuzi wa Bi Somoe."

Sikumbuki nani alianza. Silvère aligonga bomba kwa nyundo, maseremala wakapiga mbao, Épiphanie akaangua vigelegele vya harusi, na wateja waliokuja kuulizia makabati wakacheza nasi bila kujua sababu. Ngabo aliwasha msumeno bila ubao, akaukoroga tu hewani. Nilimkumbatia Winifred nikashindwa kumzunguka mikono.

Kisha sauti ile tulivu ikatoka kwenye simu, nikawaashiria watu wanyamaze.

"Winfrida. Niko darasa la pili, wamenitundikia pazia kwenye kona. Naendelea na eda yangu, sijakatiza hata siku."

"Ndiyo, mama."

"Nyumba ya baba yako imekwenda na maji. Usilie. Watu wa hapa walikuwa wakiniuliza, yule mtoto wa Kinyarwanda mliyemlea, hata maziko hakuja, mlimlea wa nini? Nilikuwa sina la kuwajibu." Alikohoa. "Jana Shaweji alimbeba mtu tena kutoka ufukweni, mara hii ametumia mabega yako. Leo haohao wamekuja mmoja mmoja, wamesimama nje ya pazia, na kila mmoja amenipa mkono wa taazia ya baba yako, na kila mmoja amenituma nikupe pole wewe, mwanawe."

Winifred, ambaye hana sauti ya chini, alijibu kwa sauti ambayo hata mimi niliyesimama naye bega kwa bega sikuisikia. Mama yake aliisikia.